Alhamisi Aliyotembea Mama

Bergen, 19 Septemba 1976

Mdogo wangu Synnøve,

Natumaini meli ya pwani ilikufikisha Vardø bila kukutapisha sana, na kwamba ulimkuta Edvin amerudi kutoka baharini na vidole vyake vyote.

Sisi huku wazima. Mvua haijakatika tangu uondoke, kwa hiyo juu ya hewa sina jipya. Mgongo wa Leif umepona kiasi cha kumwezesha kunyanyua sanduku la samaki, lakini si kiasi cha kuosha mashine ya kusagia. Daktari hawezi kulieleza jambo hilo. Mimi mke wake naweza. Duka linakwenda. Kababu zetu za samaki sasa zinaliwa mpaka kwenye kantini ya watengeneza meli, na nimeajiri msichana mwingine wa kaunta. Sijisifu. Ila mtu aliyeanza kwa kupasua matumbo ya samaki pale gatini akiwa na miaka kumi na tano, vidole vinawaka kwa chumvi, ana haki ya kusema duka linakwenda.

Mama yupo vilevile. Nampelekea mkate na samaki kila baada ya siku moja, napanda kile kichochoro cha Nordnes na kikapu, nafika namkuta dirishani na blanketi magotini. Nikimwambia, Mama, tutoke kidogo leo, ananijibu, Magoti, Gunnvor. Basi. Na magoti hayabishaniwi. Ni mwaka wa tatu huu hajavuka kizingiti cha nyumba ile, isipokuwa kwa teksi kuja kwangu kula, na siku tulipomzika Shangazi Torbjørg, na siku hiyo tulimbeba nusu.

Sasa nije kwenye lililonikalisha na kalamu leo Jumapili, wakati ningeweza kulala.

Alhamisi ile meli yako ilipofunga gati hapa kwa siku moja, ulipita dukani asubuhi, ukanibusu juu ya aproni, nikakwambia nenda ukae na Mama, kisha mpande teksi mje kwangu saa kumi kwa chakula. Nilikuwa nimepika matonge ya viazi na nyama ya kondoo ya chumvi, kama Alhamisi yoyote ya mtu aliyelelewa vizuri. Saa kumi ikapita. Matonge ya viazi yakipoa, Synnøve, hayana tofauti na mawe. Mlipokuja ilikuwa jioni, mashavu mekundu, mkala kidogo kama ndege, ukasema mlikaa tu dirishani mkipiga soga na saa ikawapita. Viatu vya Mama vilikuwa vimelowa mpaka kwenye kifundo. Ukasema aliteleza kwenye dimbwi akiingia teksi. Nikaamini. Nina kawaida ya kuamini ndugu zangu.

Jumanne Bi Hjørdis, yule mjane wa mwenye duka la dawa, alikuja kununua samaki, na badala ya kulalamika kama kawaida yake akanipa pongezi. Alisema alimwona Mama kule juu ya mlima Fløyen, amesimama kwenye ukingo wa kutazamia mji, anakula andazi la mdalasini kama msichana wa shule. Nikamwambia amemfananisha. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa ambaye bado hajaambiwa.

Nieleze tu, nipate kumnyamazisha.

Dada yako,
Gunnvor


Vardø, 30 Oktoba 1976

Dada Gunnvor,

Usihesabu siku nilizochelewa. Tulikuwa na dhoruba, meli ya barua ikapita mbali bila kufunga, na huku kiwandani samaki waliingia wengi hata tukafunga paketi mpaka mikono ikasahau ni ya nani.

Edvin alirudi na vidole vyote na kikohozi kimoja. Theluji ya kwanza imeanguka, upepo ukaichukua kabla haijagusa ardhi. Huku kwetu hata theluji haikai. Majirani wanasalimu. Nimeshona mapazia mapya ya kile chumba cha nyuma, ya buluu, ingawa hakuna anayelala humo.

Nafurahi kusikia duka linakwenda. Mwambie Leif aendelee kuumwa mgongo vilevile, ni ugonjwa wa watu wenye akili.

Kuhusu siku ile, tulitembea kidogo. Mama alitaka hewa. Bi Hjørdis unamjua, akiona mwavuli anasema kaona mazishi. Matonge yalikuwa matamu, na kama tulikula kidogo ni kwa sababu ya furaha ya kuonana.

Niandikie habari za Mama. Na magoti yake je?

Mdogo wako,
Synnøve


Bergen, 7 Novemba 1976

Synnøve,

Salamu zimefika, na kikohozi cha Edvin kitibuni kwa maziwa ya moto na kitunguu, si kwa kile anachokiita dawa. Sisi wazima. Nimemaliza salamu.

"Tulitembea kidogo." Hebu tupime hicho kidogo.

Trygve wa kile kivuko kidogo cha bandarini anakula kwetu kila Ijumaa. Nilimwuliza kama mtu anayeuliza habari za hewa. Akasema ndiyo, aliwavusha mama na binti kutoka upande wa Nordnes kwenda upande wa Bryggen, na mama akakaa mbele kabisa, mvua inampiga, akakataa kuingia ndani ya kibanda. Akaongeza kwamba alimpigia honi, naye akampungia mkono. Mama yangu alimpungia mkono mwendesha kivuko.

Mke wa mlinzi wa kanisa aliwaona nyuma ya yale maghala ya zamani ya mbao pale Bryggen, mnapita kwenye vichochoro vya mbao mkigusa kuta. Kwenye ile treni inayovutwa kwa kamba kupanda Fløyen mlionwa. Mkishuka kwa miguu, si kwa treni, kwa miguu, kupita msituni na vile vichochoro vya mawe vinavyoteleza hadi kwenye mnara wa wazima moto, ambavyo hata mimi sipiti nikiwa na haraka, mlionwa na watu wawili wasiojuana. Na sokoni, dada wa yule muuza kamba wa baharini alikuuzia kamba wa kuchemsha kwenye karatasi, mkakaa ukingoni mwa gati, mkawamenya na kuwatupia ndege maganda. Ndiyo maana matonge yangu hayakuwa na nafasi tumboni.

Kila anayeingia dukani ana kipande chake. Wananiletea kwa furaha, wanadhani wananipa zawadi. "Mama yako kapona, Gunnvor, lazima unashukuru." Nami nasimama pale na kisu, nawashukuru, nawafungia kababu zao.

Nilimwuliza Mama mwenyewe. Anafuma soksi siku hizi, nene, za sufu ya kijivu. Hakunyanyua macho. Akasema, Hjørdis haoni vizuri.

Ninachokuuliza si njia mliyopita. Njia ninayo yote, nimeiunga. Ninachokuuliza ni hiki: mimi ninayepanda na kikapu, ninayemkata kucha za miguu, ninayejua dawa ipi ni ya asubuhi, napewa magoti. Wewe unayekuja mara moja kwa mwaka ukinukia manukato ya kwenye meli unapewa miguu. Mambo ya hesabu nayaweza, lakini hii kila nikiipiga haitoki. Siku moja yako inazidije miaka mitatu yangu?

Nijibu kabla ya Krismasi. Na usiniandikie habari za theluji.

Gunnvor


Vardø, 12 Desemba 1976

Dada,

Theluji sitaitaja. Jua nalo limeshaondoka, halirudi mpaka Januari mwishoni, kwa hiyo nakuandikia mchana chini ya taa. Edvin amepona kikohozi kwa kitunguu chako, nyumba nzima inanuka ushindi wako. Nimekutumieni samaki mkavu na jibini la mbuzi kwa ajili ya sikukuu. Gawa na Mama.

Nilidanganya, na Mama alidanganya nami. Ni yeye aliyesema, tusimwambie Gunnvor, atajisikia vibaya. Sikuona ubaya wake mpaka nilipouona kwenye karatasi yako.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Nilifika, nikamkuta dirishani kama ulivyosema, blanketi magotini. Nikamwambia, Mama, twende tukatembee mjini. Akasema, Magoti. Nikavua koti, nikakaa, nikanywa kahawa yake, tukaongea habari za watu waliokufa. Nikamwambia tena, Mama, twende japo mpaka kanisani. Akasema, Mvua, na mimi nitakuwa mzigo kwako, una siku moja tu. Nikamimina kahawa nyingine. Nikasema mara ya tatu, Mama, mimi bila wewe sitoki, nitakaa hapa mpaka meli iondoke. Basi akainuka kutafuta viatu. Hakukuwa na muujiza wowote, Gunnvor. Nilimwuliza mara tatu.

Umesahau kule Sogn kwa bibi? Mgeni akikaribishwa kahawa anasema, asante, nimetoka kunywa sasa hivi. Akikaribishwa tena anasema, msijisumbue, nilikuwa napita tu. Na ni mara ya tatu ndipo anapovuta kiti na kula mikate yote iliyoko mezani, kwa sababu ametembea tangu alfajiri na njaa yake. Mwenyeji anayeishia mara ya kwanza, jina lake linazunguka ghuba nzima ya fjordi kabla ya Jumapili. Wewe, Mama husimulia, ulikuwa na miaka saba ulipomwondolea sahani mgeni, mama yake Olav, kwa sababu alisema hapana, na bibi akaomba radhi mpaka mlangoni.

Mama ni mtu wa Sogn. Ameishi Bergen miaka hamsini lakini mdomo wake haujahama. Hapana yake ya kwanza ni adabu, ya pili ni kukupima kama unamaanisha. Wewe unamwuliza mara moja, umesimama, kikapu mkononi, kama unavyouliza pale kaunta: nani anafuata? Naye anakuona una haraka, anakurahisishia. Anasema magoti.

Na magoti yanamuuma kweli. Tulipumzika kila penye ukuta. Kushuka Fløyen ndiko alikotaka yeye, alisema amepanda treni ile mara nyingi lakini alipokuwa msichana wa kazi hapo mjini alikuwa akishuka kwa miguu na wenzake, na alitaka kujua kama njia bado inapinda palepale. Inapinda palepale. Alicheka pale mbele ya mnara wa wazima moto, akakataa kuniambia kwa nini.

Mwisho tulikwenda mpaka ncha ya Nordnes, tukakaa kwenye benchi, tukatazama meli zikiingia. Pale tuliongea mengine, ambayo si ya kuandika.

Usinikasirikie sana. Ni sikukuu.

Synnøve


Bergen, 20 Januari 1977

Synnøve,

Samaki na jibini vilifika, asante. Mama alikula jibini peke yake karibu lote, kwa vipande vyembamba ili asionekane. Krismasi ilipita vizuri, alikuja kwetu kwa teksi, Leif akamshika mkono wa kuume na mimi wa kushoto. Duka lilifungwa siku tatu, nikakaa siku tatu hizo nikiwaza.

Kwanza nilikasirika. Nikasema, mimi mtu mzima sitamzunguka mama yangu kama mwuza bima, hapana, tafadhali, hapana, tafadhali, tafadhali. Neno ni neno. Dukani mteja akisema hapana namheshimu, namwachia apite. Kwa heshima hiyohiyo nilimheshimu Mama, na sasa naambiwa heshima yangu ndiyo iliyomfungia ndani. Kisha nikawaza, hata wewe hukuniambia. Miaka yote hii ulijua ufunguo ulipo, ukauweka mfukoni, ukawa unafungua siku zako tu.

Lakini hilo la kutembea nimeliweka pembeni, kuna jingine.

Zile soksi za kijivu hazikuwa za Leif wala zangu. Ni za mguu wa Mama mwenyewe, na ni nene mno kwa Bergen, hapa penye baridi ya mvua tu. Wiki iliyopita alimwuliza Leif kama meli inayumba sana ikipita Tromsø wakati wa baridi. Leif, unavyomjua, akamjibu na kula kipande cha mkate, hakuona kitu. Jana ameniuliza mimi, eti Vardø wanachoma kuni au mafuta, maana kisiwa kile hakina mti hata mmoja. Nikamwuliza, kwa nini, Mama? Akasema, mtu anaweza kuuliza.

Usiku sikulala. Synnøve, mama yetu ana miaka sabini na sita. Mimi ndiye niliyebaki mji huu ninyi mlipotawanyika. Sina mtoto, sina mama mwingine. Nina duka na mwanamume asiyeosha mashine. Ukimchukua Mama, nitapanda kichochoro kile na kikapu kwa mazoea, nitafika, na dirisha litakuwa tupu.

Ulimwambia nini pale kwenye benchi? Nataka ndiyo au hapana: ulimwambia ahamie kwenu?

Gunnvor


Vardø, 23 Februari 1977

Dada Gunnvor,

Edvin mzima, yuko baharini. Jua limerudi, watoto wa shule walipewa mapumziko waende kulitazama, na mimi nikasimama nao barabarani kama mpumbavu na aproni ya kiwandani. Mwezi mzima nimekaa na barua yako. Niliandika tatu, nikazichoma.

Ndiyo.

Pale kwenye benchi nilimwambia, Mama, njoo uishi kwetu. Akasema, hapana, mimi mzee, nitakuwa mzigo. Usiku uleule nilipokuwa nimesimama kwenye ngazi ya meli, alipokuja na wewe kuniaga na wewe ulipokwenda kuongea na yule mpakiaji unayemjua, nilimwambia tena. Akasema, hapana, na Gunnvor atafanya nini na mkate wake? Halafu king'ora kikalia. Mara ya tatu sijamwuliza.

Unajua hiyo maana yake nini, na yeye anajua. Ndiyo maana anafuma soksi.

Nimeisoma ile habari ya dirisha tupu. Sasa isome na yangu. Nyumba yangu ina chumba ambacho Edvin alikijenga kwa ajili ya mtoto, na mtoto hakuja, na sasa nina miaka arobaini na moja nakishonea mapazia. Edvin akiwa baharini hupita siku sisikii mtu akiita jina langu ila msimamizi wa zamu. Wewe unamwona Mama kila baada ya siku moja, na unamhesabu pamoja na mikate. Unasema umepewa magoti. Mimi nilipewa siku moja, na siku hiyo bado naila mpaka leo, kidogo kidogo, kama yeye na lile jibini. Unadhani wivu ni wako peke yako?

Nitakuja baada ya Pasaka, mwezi wa nne, meli ikifunga tena Bergen. Nitamwuliza mara ya tatu. Nakuambia mapema ili usiseme nilikuficha.

Synnøve


Bergen, 15 Machi 1977

Mdogo wangu,

Leif amesalimu. Mgongo umepona kabisa tangu nilipomwambia nitaajiri kijana wa kuosha mashine na kumpunguzia yeye kahawa. Duka linakwenda.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Ile habari ya chumba nimeirudia mara nyingi. Mimi si mtu wa kuandika vizuri juu ya mambo kama hayo. Nimeisoma, ujue tu hivyo.

Jumapili juzi nilikwenda kwa Mama mikono mitupu. Alishtuka, akatazama nyuma yangu kutafuta kikapu. Nikasema, Mama, twende tukatembee. Akasema, Magoti, Gunnvor. Nikavua koti. Nikwambie kweli, sikukumbuka mara ya mwisho nilipovua koti katika nyumba ile. Nikamimina kahawa, tukaongea habari za waliokufa, wapo wengi, inasaidia. Nikasema tena, Mama, tutoke. Akasema, Mvua. Na mvua ilikuwa inanyesha kweli, hakusingizia. Nikakaa. Mara mbili nimeshawahi kumwomba mtu kitu, lakini tatu kamwe. Hata mkopo wa kuanzia duka sikuuomba mara tatu. Nikasema, Mama, nakuomba.

Akaweka soksi chini. Kisha akasema, "Kofia yangu iko rafu ya juu. Siifikii."

Tulitembea. Pole pole, mkono wake kwenye mkono wangu, akinivuta kila penye kitu cha kutazama kana kwamba mji ni wake na mimi ndiye mgeni. Niligundua vitu viwili vitatu. Kwamba anawajua watu wote wa vibaraza vya Nordnes kwa majina, kwa kuwaona dirishani tu. Kwamba ana maneno ya kuwasema, na si ya kanisani. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, mimi.

Ndipo akasimama. Akasema bila kunitazama kwamba Synnøve amemwuliza mara mbili kuhamia kaskazini, na kwamba ya tatu inakuja na meli ya mwezi wa nne, na ikija itambidi kusema kweli. Akaniuliza ajibu nini.

Nilikuwa nimejiandaa, unanijua. Nikampa yote kwa mpangilio: daktari wake yuko hapa, anaijua mishipa yake, kaburi la Baba liko hapa, baridi ya Vardø, giza la miezi miwili, Edvin hayupo nusu ya mwaka, Synnøve yuko zamu. Nilisema vizuri. Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza bei ya samaki asiyetaka kumnunua. Nilipomaliza akasema, "Hayo yangesemwa na daktari. Wewe unasemaje?"

Nikasema, "Usiende."

Akasema, "Utapumzika, Gunnvor. Mikate, ngazi, kucha zangu. Umechoka, nakuona."

Nikasema, "Usiende, Mama."

Akasema, "Synnøve yuko peke yake."

Hilo liliniingia, kwa sababu nililijua kwa mwandiko wako. Ningeweza kuliachia hapo, Synnøve, na lingekuwa jambo la heshima, watu wangenisifu. Lakini nilimshika mikono yote miwili pale barabarani, watu wanapita na miavuli yao, wateja wangu wengine wakiwemo, nikasema, "Mama, usiende. Nitamwonea Synnøve wivu mpaka nife."

Akanifunga kifungo cha juu cha koti, mimi mwanamke wa miaka hamsini kasoro.

Akasema, "Haya. Tusogee, nimelowa."

Basi. Usimwulize mara ya tatu. Si kwa sababu nakukataza, siwezi kukukataza, ila ukimwuliza atakwambia kweli, na itakuuma, na mtarudi nyumbani nyote mmeumia. Njoo kama ulivyosema, mwezi wa nne. Usilale kwenye meli, lala kwetu juu ya duka, godoro ni jipya. Saa kumi Alhamisi kutakuwa na chakula, na safari hii msipofika nitakuja kuwatafuta gatini na sufuria.

Na jingine, ambalo Leif anasema nisiliandike mpaka nimelilalia, lakini nimeshalilalia. Mwezi wa sita, jua lisipozama kwenu, nitamleta Mama Vardø akae na wewe mpaka Julai iishe, katika chumba chenye mapazia ya buluu. Soksi anazo. Nitamleta mwenyewe na nitamfuata mwenyewe. Usinijibu kwa adabu, jibu mara moja, nina meli ya kukatia tiketi.

Ukiwa hapa, siku yako moja tembeeni mpaka mchoke, sitauliza wateja. Lakini Jumapili ni zangu. Na pale tulipokuwa tumesimama aliposema "Haya", sikuambii ni wapi, hata ukiniuliza mara tatu.

Dada yako,
Gunnvor